Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wafanyabiashara wa Soko

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana,

Shughuli za kawaida mnazifahamu, sitawachosha nazo. Mitaro ilizibuliwa mara mbili, taa za upande wa mitumba zinawaka, misiba saba ilichangiwa, mlinzi wa usiku alilipwa kila mwezi. Tulikusanya shilingi 412,600, tukatumia 398,150. Stakabadhi zote anazo mweka hazina.

Nitakaa zaidi kwenye suala la wakili ambaye kamati ilimlipa shilingi 60,000 kwa ajili ya mwenzetu aliyekuwa shahidi wa kesi ya hongo, maana ndilo linalosemwa kila kona ya soko, na wengi wanaolisema hawakuwapo siku lilipopitishwa.

Mnamjua mwenzetu aliyekuwa akikusanya pesa za hongo za vibanda vipya na kumpelekea ofisa. Mwezi wa tatu alinijia nyumbani saa mbili usiku, daftari limefungwa ndani ya leso. Humo mlikuwa na tarehe, namba ya kibanda, kiasi, na namba ya muamala wa M-Pesa kwa wino mwekundu. Alitaka kulichoma. Ni mimi niliyemzuia. "Mwenyekiti, nikisema, nitafungwa mimi kwanza," aliniambia, na chai hakuigusa.

Hakukosea. Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika mtoaji sawa na mpokeaji: hadi miaka 10 jela, au faini isiyozidi shilingi milioni 5, au vyote viwili.

Wapo waliouliza, kama sheria inawalinda mashahidi, wakili alikuwa wa nini? Ndugu zangu, hayo ni mambo mawili. Kifungu cha 21 cha sheria hiyo kinamwadhibu anayemtisha au kumsumbua shahidi. Hakimfutii shahidi kosa lake mwenyewe. Njia ya kumwepusha na mashtaka iko kwenye Sheria ya Kupambana na Rushwa na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003, kifungu cha 25A: mtu akieleza yote kwa ukweli na kurudisha alichopata, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC) inaweza kumwahidi kwa maandishi kwamba hatashtakiwa. Kwa maandishi! Mwenzetu alikuwa ameahidiwa kwa mdomo, tena kwenye ngazi. Na hata anayeondolewa mashtaka mahakamani kwa kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kabla ya kujitetea anaweza kushtakiwa upya kwa kosa lile lile. Ndiyo sababu kamati ilitoa shilingi 60,000 za wakili. Barua ya ahadi ilipatikana, nimeisoma kwa macho yangu, na yeye akarudisha fungu lake lote.

Mnasema tumemsafisha mwizi kwa michango yetu. Daftari lile lina majina 31 ya soko hili. Langu limo pia: shilingi 5,000, kibanda cha binti yangu, na nimeshaandikisha maelezo. Angenyamaza yeye, ofisa angekuwa bado anatuzungukia kila Ijumaa.

Mzee mmoja wetu alitaja kesi ya ufisadi ya mabwawa ya Arror na Kimwarer, kwamba kuwaondolea watu mashtaka ili wawe mashahidi hakusaidii. Ni kweli, 2019 makatibu wawili wa wizara, Kamau Thugge na Susan Koech, waliondolewa mashtaka ili wawe mashahidi, na Desemba 2023 aliyekuwa Waziri wa Fedha Henry Rotich na wenzake wakaachiliwa huru. Lakini hakimu aliulaumu upande wa mashtaka wenyewe, ambao uliwaita mashahidi wengi bila kuwauliza maswali. Shahidi asipoulizwa atasema nini? Mwenzetu aliulizwa kutwa nzima, daftari likapokelewa kama kielelezo.

Sasa mahudhurio. Tuko wanachama 164. Mkutano uliopitisha suala hili ulihudhuriwa na watu 29, na mvua haikunyesha. Wanaodaiwa michango ni 71, jumla shilingi 127,800, na wakali zaidi kuhusu ile elfu sitini wako humo humo. Inaniuma, nasema wazi. Nimefunga duka langu siku 14 mwaka huu kwa ajili ya kesi hii, na nauli sijadai.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatumaini kupata choo cha pili na kuzungumza na kaunti kuhusu paa. Kesi ya ofisa itaendelea kusikilizwa mwezi wa nne. Mara ya mwisho mwenzetu alipanda kizimbani akageuka nyuma, akatuona mimi na mweka hazina tu. Naomba safari hii twende hata kumi.