Kabla ya chipu, mtuambie kichwa ni cha nani

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka ishirini na sita bila kukuandikia neno, na ningeendelea kunyamaza lau si taarifa ya Jumapili iliyopita iliyozipigia vigelegele chipu za ubongo, vile vifaa vidogo vinavyopandikizwa kichwani kusoma ishara za ubongo, kana kwamba ni simu mpya zimeingia madukani. Mwandishi wako alieleza kwa furaha jinsi mtu aliyepooza anavyosogeza kishale cha kompyuta kwa kuwaza tu, jambo ambalo kampuni ya Neuralink ilianza kulijaribu kwa binadamu Januari 2024, lakini hakuuliza hata mara moja mawazo hayo yakishatoka kichwani yanakuwa mali ya nani.

Nina sababu ya kukasirika. Mdogo wangu aliwahi kugongwa na bodaboda, akalala siku kumi na moja katika chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali ambayo sitaitaja, hafumbui macho wala hafinyi kidole hata akiombwa. Siku ya sita daktari alisimama ubavuni pa kitanda akatutangazia kwamba "hapa hamna mtu tena", na mjomba wetu, Mungu amsamehe, akaanza papo hapo kuulizia bei ya mbao za jeneza na nani ataachiwa shamba. Mdogo wangu alipozinduka, sentensi yake ya kwanza ndefu ilikuwa kumuuliza mjomba kama mbao zilipatikana. Hakuna aliyecheka. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2006 mtafiti Adrian Owen na wenzake walimwingiza kwenye mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili, mwanamke aliyedhaniwa hana fahamu, wakamwomba awaze anacheza tenisi, na ubongo wake ukaitika kama wa mtu aliye macho. Na kwamba katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, kati ya wagonjwa 241 wasioitikia amri yoyote kwa mwili, 60 waliitikia kwa ubongo. Mmoja kati ya wanne, Mhariri, na sisi tunagawana mashamba vichwani pao!

Sasa mashine inayoweza kumkuta mtu ndani ya mwili ulionyamaza ndiyo hiyo hiyo itakayoweza kumpekua bila ya kubisha hodi. Chile waliliona hilo: waliirekebisha katiba yao mwaka 2021 ili kulinda ubongo na taarifa zake, na mwaka 2023 Mahakama yao ya Juu ikaiamuru kampuni ya Emotiv, inayouza vifaa vya kuvaa kichwani vya kusoma mawimbi ya ubongo, kufuta data za ubongo wa aliyekuwa seneta, Guido Girardi. Sisi Wakenya mwaka huo huo tulikuwa tumepanga foleni KICC, jumba la mikutano jijini Nairobi, tukifumbua macho yapigwe picha na mtambo wa Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, kwa ahadi ya shilingi elfu saba hivi, mpaka serikali ikashtuka. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataja alama za vidole, DNA, sauti, hata umbo la ndewe la sikio. Ubongo haumo.

Waheshimiwa wabunge wauongeze basi, mara tu baada ya ndewe, kazi isiyozidi asubuhi moja. Na wakati tunawasubiri, kila kitanda cha mgonjwa mahututi kitundikwe kibao chenye maneno "Huyu anasikia", kwa herufi za kusomeka kutoka mlangoni. Kuhusu mbao, mjomba anazijua bei.

Mwalimu mstaafu,
Likoni, Mombasa