Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Shule, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha Moshi, na tunaomba tukueleze kazi iliyotushughulisha mwaka huu: kupima kelele ya upepo unapopita kwenye bawa.

Mheshimiwa, wengi hudhani kelele ya ndege ni ya injini tu. Inaporuka, ni sawa. Lakini ikishuka kutua pale uwanja wa ndege wa KIA, rubani hupunguza nguvu za injini, huteremsha magurudumu na kukunjua flapu, yaani vibao vya nyuma ya bawa, na hapo sehemu kubwa ya kelele hutokana na hewa inayovurugika. Nadharia ya wanasayansi Ffowcs Williams na Hall ya mwaka 1970 inaonesha kuwa kasi ya hewa ikiwa maradufu, nguvu ya sauti ya ukingo wa nyuma wa bawa huongezeka takriban mara 32, yaani desibeli 15, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti.

Tumetengeneza sanduku refu la plaiwudi, feni upande mmoja, bawa la mbao katikati. Simu ya kurekodia tuliiweka pembeni, nje ya mkondo, maana upepo ukipiga maikrofoni inavuma yenyewe. Kasheshe ilikuwa feni: inapiga kelele kuliko bawa! Ikabidi tupime bila bawa, kisha likiwamo. Nazo desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Sauti mbili za 60 zikikutana hazileti 120, zinaleta 63. Kwa hiyo bawa likiongeza chini ya desibeli 3, feni bado inalifunika. Tulibandika sponji za magodoro chakavu ndani ya sanduku. Milio myembamba ilipungua. Ule mngurumo mzito wa feni haukujali sponji.

Kidato cha Tatu sasa wanachonga bawa lenye meno ya msumeno ukingoni. Wazo ni la bundi, ndege tunayemsingizia uchawi, kumbe manyoya yake yana matamvua yanayopunguza mvumo, na panya hamsikii akija.

Maombi yetu ni kipima sauti cha uhakika, kwani simu hujipunguzia na kujiongezea sauti yenyewe, pamoja na chumba kilicho mbali na jenereta. Umeme ukikatika, jenereta huwashwa, na vipimo vya siku hiyo tunavifuta vyote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sanduku liko meza ya pili, na feni imeshawashwa.

Tunaomba kuwasilisha.