Ujumbe Unaorudi kwa Mtumaji Wake: Uthibitisho katika Mtandao wa Pete

Wateja wetu wachache ambao bado wanaendesha mitambo iliyounganishwa kwa Token Ring, yaani mtandao ambao kompyuta zake zimeungana kwa mzunguko kama pete, hutuuliza kompyuta inajuaje kwamba ujumbe wake umefika. Jibu limo katika umbo la mtandao wenyewe. Katika mfumo huu, ambao IBM iliutoa sokoni mwaka 1985 kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde na baadaye 16, kompyuta hutuma pale tu inapoipata tokeni, yaani kifurushi kidogo cha data cha baiti 3 kinachozunguka pete na kutoa ruhusa ya kutuma. Ujumbe ukishatoka hupitia kila kompyuta kwa zamu hadi urudi kwa mtumaji, naye ndiye anayepaswa kuuondoa.

Mwishoni mwa ujumbe ipo baiti moja ya hali, yenye biti A na C ambazo mtumaji huziacha zikiwa 0. Kompyuta inayoitambua anwani yake huigeuza A kuwa 1, na ikifaulu kuunakili ujumbe huigeuza na C. Zote zikirudi 0, mlengwa hayupo au amezimwa. A ikirudi 1 na C ikabaki 0, mlengwa yupo lakini hakuweza kupokea, mara nyingi kwa sababu kumbukumbu ya kadi yake ya mtandao imejaa. Kwa kuwa biti hizi hubadilishwa njiani, haziingii katika hesabu ya kukagua makosa, na ndiyo maana kila moja huandikwa mara mbili: nakala zisipolingana, jibu haliaminiki.

Tunapoitwa kuchunguza ujumbe uliopotea, huanza na biti hizo kabla ya kugusa waya wowote, kwani hututenganishia mashine iliyozimwa na mashine iliyolemewa. Hata hivyo, tunawaomba wateja wasizitegemee kupita kiasi. Tarishi akirudi na daftari lililosainiwa mapokezi, haina maana kwamba meneja ameisoma barua. Vivyo hivyo, C huthibitisha kwamba kadi imenakili, si kwamba programu imepokea. Tena, pete mbili zikiunganishwa kwa daraja, yaani kifaa kinachopitisha ujumbe kutoka pete moja hadi nyingine, daraja lenyewe linaweza kuzigeuza biti hizo kabla ujumbe haujaingia pete ya pili. Katika hali hiyo tunapima pande zote mbili za daraja, na uthibitisho wa mwisho tunautafuta katika programu inayopokea.