Maghorofa tumeyasikia, tusimulieni na ya barabarani

Mhariri,

Niko Guangzhou, mtaa wa Xiaobei, nafunga mzigo wa viatu wa kupeleka Kariakoo. Wenzetu wakirudi kutoka China husimulia maghorofa tu. Mimi kinachonisimamisha ni mzee mmoja bustanini asubuhi: ana brashi ndefu kama fagio, anaichovya kwenye ndoo ya maji, anaandika Kichina sakafuni. Akifika mstari wa tatu, wa kwanza umeshakauka. Wala hajali.

Muuza viazi vitamu vya kuchoma naye kaning'iniza shingoni kikaratasi cha kuskani na simu ili kulipia. Noti yangu ya yuan 20 aliiinua juani, akacheka, akaenda kuomba chenji kwa jirani.

Mlioko Yiwu, mji mwingine wa China, huko mnaona nini?

Mchuuzi wa viatu,
Guangzhou