Kipimo hasi si mwisho wa uchunguzi

Mhariri,

Dada yangu alianza kwa kope kulegea kila jioni, kisha akawa anaona vitu viwili viwili na kuchoka kutafuna. Kipimo cha damu kilipotoka hasi, aliambiwa haumwi, ni mawazo tu. Aliishi na maneno hayo karibu mwaka mzima.

Ugonjwa wake ni miasthenia gravis: kinga ya mwili hushambulia mahali neva inapokutana na msuli. Kipimo alichofanyiwa hutafuta kingamwili, yaani protini za kinga zinazofanya shambulio hilo, dhidi ya vipokezi vya asetilikolini: sehemu za msuli zinazopokea kemikali ambayo neva hutumia kuuamuru ujikaze. Kingamwili hizo hupatikana kwa takriban asilimia 85 ya wagonjwa ambao udhaifu umeenea mwilini, lakini kwa walioathirika macho pekee ni kama nusu tu. Nusu! Tena tangu 2001 inajulikana kwamba baadhi ya wanaobaki wana kingamwili za aina nyingine, dhidi ya protini iitwayo MuSK, nazo zina kipimo chake. Wapo pia ambao damu yao haionyeshi chochote, na ni wagonjwa kweli. Hao huhitaji kupimwa umeme wa neva na misuli.

Kipimo kikitoka chanya husaidia sana, sipingi hilo.

Ninachowaomba madaktari ni kwamba, wakipokea majibu hasi, wamuulize mgonjwa swali moja zaidi: je, udhaifu huzidi ukitumia msuli na kupungua ukipumzika? Dada yangu angejibu ndiyo siku ile ile ya kwanza.

Msomaji wenu