Kwa Salma: rupia ya nyanya isiende kwa sonara

Kwa shoga yangu Salma,

Salamu nyingi kutoka Mombasa, na pole tena kwa msiba wa nyanya. Mungu amlaze pema.

Picha za sarafu ya kidani chake zimenifikia. Unasema umesoma kwamba zilitengenezwa kwa malaki, kwa hivyo wiki hii unaipeleka kwa sonara, mgawane na dada zako kitakachopatikana. Nakuomba ungoje.

Hiyo ni rupia ya Somalia ya Waitaliano. Benadir, yaani pwani ya kusini ya Somalia, pamoja na Barawa kwao nyanya, ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Waitaliano wakaikodi, halafu 1905 wakainunua kabisa. Wafanyabiashara wa pwani ile walizoea rupia ya Hindi, basi mkoloni naye ikambidi aifuate: kuanzia 1910 Roma ilitengeneza rupia ya uzito uleule, gramu 11.66, yenye kichwa cha Mfalme Vittorio Emanuele III upande mmoja, na upande wa pili maandishi ya Kiitaliano na Kiarabu. Rupia moja ilikuwa bese 100. Hiyo besa, shoga, ni pesa yetu hii hii, imebadilika herufi tu.

Sasa njoo kwenye hesabu uliyoisoma. Za mwaka 1915 zilitengenezwa 60,000 tu. Za 1920 zilipita milioni moja, na za 1921 zilikuwa 940,000. Yeyote angesema ya 1915 ndiyo adimu kuliko zote. Wapi! Hiyo utaipata mapema kuliko ya 1921. Kitabu cha wakusanyaji wa sarafu kinahesabu zilizotoka kiwandani, hakihesabu zilizosalimika. Baada ya Vita vya Kwanza bei ya madini ya fedha ilipanda mno, 1920 ikafika kilele, na sarafu ikawa inatamaniwa kwa madini yake. Nyingi za 1920 na 1921 ziliyeyushwa. Kisha 1925 lira, pesa ya Italia, ikaingia Somalia, rupia ikaondolewa, na zilizokuwa zimebaki zikazidi kupungua.

Italia kwenyewe mambo yalikuwa hayo hayo. Lire 5 ya fedha ya 1914, ile yenye gari la farasi wanne, zilitengenezwa takriban 272,000, na leo wakusanyaji wanaitafuta kwa taa. Ukilinganisha, lire 2 za 1947 uadimu wake haumshangazi mtu, maana zilitengenezwa 5,000 tu tangu mwanzo.

Nina sababu ya kukusumbua hivi. Shangazi yangu alikuwa na rupia kama hizo mbili, amezifunga kwenye pindo la leso. Siku ya shida alizipeleka kwa sonara mmoja, mimi nikiwa nimemshika mkono. Zikatiwa kwenye mizani pamoja na kikuku kilichovunjika, akalipwa kwa gramu. Mpaka leo nasikia zilivyolia kwenye sahani ya mizani. Hakuna aliyezigeuza kusoma mwaka, na mimi nilikuwa sijajua kusoma. Hilo linaniuma bado.

Kwa hivyo usiisugue kwa majivu wala ndimu, weusi wake uache ulivyo. Kile kitanzi cha kidani usikitoe. Najua kimeipunguzia thamani machoni pa wakusanyaji, lakini ukikibandua utaiumiza zaidi. Tafuta mizani ndogo ya dijitali uipime mwenyewe nyumbani. Pamoja na kitanzi inapaswa kuzidi kidogo gramu 11.66. Ikipungua sana niambie, maana za bandia zipo.

Na jambo moja zaidi, ndilo lililoninyima usingizi jana. Kwenye picha ya pili kidole chako kimeziba tarakimu ya mwisho ya mwaka. Ninaona 192, basi. Rupia za namna hii hazikutengenezwa tena baada ya 1921. Ishike karibu na dirisha asubuhi, kisha unipigie saa yoyote uniambie kama ni sufuri au ni moja.

Wako,
Zuhura