Transfoma mpya isiletwe kabla ya kupima mzigo

Mhariri,

Ni wiki ya pili sasa tangu transfoma inayohudumia sehemu yetu ya mtaa wa Umoja iungue, na tumeahidiwa kwamba nyingine italetwa karibuni. Itakuwa ya tatu kupandishwa kwenye nguzo zile zile. Majirani wanalaumu mvua, na ni kweli kwamba radi huweza kuipasua transfoma isiyo na kinga. Lakini mimi niliyefanya kazi ya ufundi wa stima kwa miaka mingi naamini kwamba hii yetu iliuawa na mzigo, yaani stima inayovutwa na nyumba kupita uwezo wake, na nisipoyasema haya sasa, hata hiyo ya tatu haitadumu.

Ndani ya tangi la transfoma mna nyaya zilizofungwa kwa karatasi na kuzamishwa katika mafuta, ambayo kazi yake ni kupoza na kuzuia stima isiruke kutoka waya mmoja hadi mwingine. Mzigo unapozidi, joto hupanda na karatasi hiyo huanza kukauka na kumeguka. Kanuni wanayoitumia wahandisi ni kwamba kila joto linapozidi kiwango kwa nyuzi 6 hivi, umri wa karatasi hupungua kwa nusu. Kwa hiyo transfoma inayolipuka usiku wa mvua huenda ilianza kufa miaka kadhaa kabla ya usiku huo.

Hebu tupige hesabu. Transfoma ya kVA 200 (kVA ni kipimo cha uwezo wake), inayopokea volti 11,000 na kutoa volti 415, ina uwezo wa takriban ampea 278 (kipimo cha mkondo wa stima) kwa kila fezi, yaani kila mmoja wa nyaya tatu zinazoleta stima. Shawa moja ya maji moto hula ampea 20 hivi. Shawa 14 tu zikifunguliwa kwa pamoja kwenye fezi moja alfajiri, watu wakijiandaa kwenda kazini, fezi hiyo imejaa kabla ya yeyote kuwasha hata birika la chai. Umoja ilijengwa kuwa mtaa wa nyumba ndogo za familia moja moja, na leo palipokuwa na nyumba ya aina hiyo pamesimama jumba la ghorofa lenye mita kwa makumi, sikwambii wale waliojiunganishia bila mita.

Tena mzigo wenyewe haugawanywi sawasawa. Fundi anayeunganisha jumba jipya hushika fezi iliyo rahisi kufikiwa, na fezi moja hubeba mzigo wa zote tatu. Kiungo cha waya wa nyutro, ule unaorudisha stima kwenye transfoma, kikilegea katika hali hiyo, taa za nyumba moja hufifia huku za jirani zikiwaka kwa ukali usio wa kawaida, na friji na televisheni huungua. Haya yalitupata mwezi mmoja kabla ya transfoma kuzimika.

Siku chache baadaye nilisimama chini ya nguzo na kutazama. Mafuta yalikuwa yamevuja chini ya kikombe kimoja cha kauri na kuchora mstari mweusi ulionasa vumbi hadi chini ya tangi. Kisanduku cha fyuzi kilikuwa wazi, na mahali pa fyuzi mbili palikuwa pamefungwa vipande vya waya mnene wa shaba. Fyuzi huwekwa ili ikatike badala ya transfoma. Waya ule haungekatika kamwe. Niliripoti kwa simu, nikapewa nambari ya malalamiko, na hakuna aliyekuja.

Wizi wa mafuta na shaba nao upo, na sheria inaushughulikia. Haukuwa chanzo cha tatizo letu.

Ombi langu kwa wahusika ni kwamba kabla ya kupandisha transfoma mpya, waje wapime ampea za kila fezi alfajiri na saa mbili usiku, wahamishe majumba kutoka fezi iliyolemewa, wafunge fyuzi za kipimo kinachofaa, kisha waamue kama kVA 200 zinatosha au tunahitaji 315. Sisi wakazi tuko tayari kuwafungulia milango wakague mita zetu zote.

Fundi mstaafu,
Umoja, Nairobi